Uwanja wa Mpira na Kata Inayouzunguka: Nani Huamua, na Ahadi Hubadilishwa Wapi

Wasomaji wengi wa jarida hili wameuona uwanja wa Tottenham Hotspur mara nyingi kuliko walivyoiona ofisi ya halmashauri yao. Huonekana katika mabanda ya kuonyeshea mpira kila mwisho wa juma: viti zaidi ya 62,000, idadi inayokaribiana na ile ya Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke. Kisichoonekana katika runinga ni Northumberland Park, mojawapo ya kata maskini zaidi za jiji la London, ambamo uwanja huo umesimama. Wala hayaonekani maamuzi ya halmashauri yaliyoutangulia, ambayo yalichukua takriban miaka kumi, yakapitia mikononi mwa madiwani, meya, waziri na mahakama, na ambayo baadhi yake yangali yakibadilishwa baada ya mpira kuanza kuchezwa.

Tunaandika habari hii kwa sababu maswali ya aina yake yameanza kufika mezani petu. Septemba 2023 Shirikisho la Soka la Afrika lilizikabidhi Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na tangu hapo neno uwanja limekuwa vinywani mwa watu. Arusha inajengewa uwanja wa watazamaji 30,000 katika Kata ya Olmoti. Kwingineko, hata pale ambapo hakuna mashindano ya kimataifa yanayotarajiwa, zipo fikra za kukarabati viwanja vya zamani, kuvizungushia maduka na kumkaribisha mwekezaji. Wananchi huuliza: nani huamua jambo kama hilo? Je, tukisema hapana, hapana yetu inahesabika? Na yale tunayoahidiwa siku ya mkutano, yameandikwa wapi?

Tumechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Umekwisha kujengwa, historia ya maamuzi yake iko wazi, na haumhusu jirani yeyote ambaye tungeweza kumkosea adabu kwa kumtaja.

Kwanza tuelewane kuhusu aina ya mradi wenyewe. Klabu kubwa ya siku hizi haijengi uwanja peke yake. Huambatanisha nyumba za kuuza, hoteli, duka kubwa, ofisi na viwanja vya wazi, kwa kuwa faida ya majengo hayo husaidia kulipia uwanja. Halmashauri nayo huupokea mradi kwa mikono miwili, kwa sababu unakuja mahali ambapo wawekezaji wengine hawaji. Uwanja ndio unaoongoza, na maendeleo mengine yanafuata nyuma yake kama mabehewa nyuma ya kichwa cha treni. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuamua. Diwani anayepiga kura hapimi jengo moja, bali anapima mtaa mzima: ni nani ataishi humo miaka ishirini ijayo, na ni nani atakuwa amehama.

Klabu ya Tottenham ilikuwa ikicheza mahali hapo tangu 1899, katika uwanja wa White Hart Lane uliochukua watu takriban 36,000, uliobanwa na maduka, karakana na nyumba za watu. Mwaka 2008 ilitangaza nia ya kujenga uwanja mpya mkubwa ubavuni mwa ule wa zamani, na mwaka uliofuata ikapeleka maombi kwa Halmashauri ya Haringey. Maombi hayo ya kwanza yalipingwa na wahifadhi wa majengo ya kihistoria, kwa sababu yalihitaji kubomolewa kwa nyumba kadhaa kongwe za barabara kuu. Klabu ikayaondoa mwaka 2010, ikachora upya, ikarudi, na Septemba ya mwaka huo kamati ya madiwani ikaridhia.

Inafaa kusimama hapa kidogo na kueleza kamati hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu wengi hudhani kwamba diwani huamua kwa namna anavyoupenda au kuuchukia mradi. Nchini Uingereza, watumishi wa idara ya mipango huandika taarifa ndefu, huchambua kila pingamizi lililopokelewa, kisha hupendekeza kukubali au kukataa. Madiwani wa kamati husikiliza pande zote katika kikao cha wazi na hupiga kura. Hawaruhusiwi kupima mapenzi yao kwa klabu, wala chuki yao kwa mwenye klabu. Wanapima mambo ya mipango: msongamano wa barabara, kelele, mwanga wa jua unaozibwa na jengo refu, hatima ya majengo ya kale, idadi na aina ya nyumba, ajira. Mradi mkubwa ukipitishwa na halmashauri ya London bado hupelekwa kwa Meya wa jiji, ambaye ana mamlaka ya kuingilia, na Waziri naye anaweza kuuchukua auamue mwenyewe. Mahakama ni ngazi nyingine kabisa. Haiulizi kama uamuzi ulikuwa wa busara, inauliza tu kama ulifuata sheria. Mtu anayekwenda mahakamani akitarajia hakimu aseme uwanja ni mbaya hurudi nyumbani na gharama za wakili.

Lakini kibali peke yake hakimpi mwananchi kitu. Kinachompa mwananchi ni mkataba unaoambatana nacho. Sheria ya mipango ya Uingereza ya mwaka 1990, katika kifungu chake cha 106, inairuhusu halmashauri kumfunga mwendelezaji kwa ahadi zilizoandikwa: atachangia kiasi fulani kwa usafiri, atajenga nyumba kadhaa za gharama nafuu kwa watu wa kipato cha chini, atatengeneza barabara fulani kabla ya kufungua mlango. Ahadi hizo huifuata ardhi hata ikiuzwa kwa mwingine, na halmashauri inaweza kumshitaki anayezivunja. Katika makubaliano ya awali ya Tottenham, klabu ilitakiwa kuchangia takriban pauni milioni 16 kwa usafiri na huduma nyingine za eneo, na nusu ya nyumba zitakazojengwa ilikuwa iwe za gharama nafuu. Kwa kata yenye orodha ndefu ya familia zinazosubiri nyumba, sharti hilo la pili ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote. Mkazi aliyehudhuria mikutano, akasoma gazeti na kuona kwamba mradi umepitishwa kwa masharti hayo, angekuwa na haki ya kuamini kwamba jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mwanzoni mwa 2011 klabu ilijaribu kuhamia Stratford, mashariki mwa jiji, katika uwanja uliokuwa ukijengwa kwa ajili ya michezo ya Olimpiki, ikashindwa na West Ham. Jaribio hilo lilionyesha kwamba klabu ilikuwa tayari kuondoka. Kisha, tarehe 6 Agosti 2011, ghasia zilizuka Tottenham siku mbili baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua mkazi wa eneo hilo, zikaenea London nzima na miji mingine ya Uingereza. Maduka na nyumba za barabara kuu ziliteketea. Halmashauri ikajikuta na mtaa uliochomwa, na klabu iliyokuwa ikisema kwamba kwa masharti yale mradi hautajilipa.

Mwaka 2012 masharti yakabadilishwa. Mchango wa pauni takriban milioni 16 ukashushwa hadi takriban nusu milioni. Sharti la nyumba za gharama nafuu likaondolewa, nyumba zote zikaruhusiwa kuuzwa kwa bei ya soko. Zaidi ya hapo, halmashauri na Meya wa London wakaahidi mamilioni ya pauni za fedha za umma kwa ajili ya kuboresha eneo.

Wapo waliouona uamuzi huo kuwa kupiga magoti mbele ya tajiri. Wapo waliosema, na hoja yao si nyepesi, kwamba nusu ya nyumba za mradi usiojengwa ni sifuri, na kwamba mtaa uliokwisha kuungua usingestahimili kuikosa klabu yake. Sisi tulio katika idara za mipango tunaijua hofu hiyo ya halmashauri. Mwekezaji anaposema ataondoka, ni vigumu kujua kama anasema kweli au anajadiliana bei. Ndiyo maana katika utaratibu wa Uingereza mwendelezaji anayedai kwamba masharti hayalipiki hutakiwa kuonyesha hesabu zake, na halmashauri hutafuta mthamini wa nje azikague. Hata hivyo hesabu hizo hutegemea makadirio ya bei za nyumba za miaka ijayo, na nyumba za London zimekuwa na tabia ya kupanda bei kupita makadirio. Kwa maoni yetu, halmashauri inayopunguza masharti wakati wa shida inapaswa kuandika pia kwamba hali ikiwa nzuri masharti yatarudi kuangaliwa. Kipengele cha namna hiyo hakimgharimu mwekezaji chochote iwapo hofu yake ni ya kweli.

Jambo ambalo mkazi wa kata hulipita bila kuliona ni hili: kikao cha kutoa kibali huvuta watu na kamera, ilhali kikao cha kurekebisha masharti mara nyingi huwa kipengele kimoja cha ajenda, chenye kichwa kirefu cha habari kisichoeleweka. Vyote viwili vina nguvu sawa kisheria. Mtu anayefuatilia cha kwanza peke yake anaijua nusu ya habari.

Wakati huohuo kulikuwa na suala la ardhi. Eneo la mradi lilikuwa na wamiliki wengi, na klabu ilinunua viwanja kimoja baada ya kingine kwa maelewano. Mwishoni ikabaki karakana moja ya familia, Archway Sheet Metal Works, iliyofanya kazi za bati kwa miongo kadhaa na haikukubaliana na masharti ya kuhamishwa. Halmashauri ikatumia mamlaka ya utwaaji wa lazima. Amri ya namna hiyo nchini Uingereza haitoshi kusainiwa na halmashauri. Pakiwa na pingamizi, mkaguzi aliyeteuliwa na serikali huendesha uchunguzi wa hadharani ambamo mwenye mali husikilizwa, kisha Waziri huthibitisha au hukataa. Waziri alithibitisha Julai 2014. Wenye karakana wakaenda Mahakama Kuu, na Februari 2015 wakashindwa. Mwezi uliofuata wakaamua kutokata rufaa, na pande mbili zikamalizana.

Karakana moja ilisimamisha mradi wa mamia ya mamilioni ya pauni kwa muda mrefu. Wako watakaoona kwamba huo ni udhaifu wa sheria. Sisi tunaona kwamba ndivyo inavyopasa kuwa: mwananchi mmoja akinyang'anywa mali kwa jina la manufaa ya wote, hayo manufaa ya wote yathibitishwe mbele yake, si mgongoni mwake. Tena ikumbukwe kwamba amri hiyo ya utwaaji iliombwa kwa hoja ya manufaa ya eneo zima, na wakati inathibitishwa, baadhi ya manufaa yaliyotajwa awali, hasa zile nyumba za gharama nafuu, yalikuwa yamekwisha kuondolewa.

Mwaka 2015 klabu ilirudi tena kwa halmashauri na mchoro mwingine: uwanja mkubwa zaidi, wa watu 61,000, wenye nyasi za kuteleza ili chini yake pawepo uwanja wa mpira wa Kimarekani, nyumba 585, hoteli ya vyumba 180, na kituo cha afya. Mchoro huo ulihitaji kubomolewa kwa majengo ya kale ya barabara kuu ambayo mchoro uliotangulia uliyaacha. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama: majengo hayo yaliufinya mtaa wa miguu, na umati wa watu 61,000 ungekosa pa kupita. Kamati iliridhia. Warmington House, jengo lenye hadhi ya juu zaidi ya kihistoria, likaachwa na leo limeshikamana na jengo la klabu. Mengine hayapo. Masharti ya fedha yanaweza kurudi mezani mwaka wowote, lakini nyumba iliyobomolewa hairudi. Kwa hiyo wakazi wenye muda mdogo wa kuhudhuria vikao wangefanya vyema kuanza na vile vinavyohusu ubomoaji.

White Hart Lane ya zamani ilichezewa mechi ya mwisho Mei 2017, na uwanja mpya ukafunguliwa Aprili 2019. Haitakuwa haki kusema kata haikupata kitu. Duka kubwa lilifunguliwa mapema, mwaka 2013, pamoja na jengo lililotumika kwa shule ya ufundi na kisha sekondari ya juu. Kituo cha treni cha White Hart Lane kilijengwa upya na kufunguliwa 2019. Ajira zimekuja, ingawa kazi nyingi za uwanjani ni za siku za mechi tu, na mtu hawezi kulipa pango la mwezi kwa mishahara ya siku chache.

Ziko pia adha ambazo hazikomi. Siku ya tukio barabara kuu hufungwa, mabasi hubadilishwa njia, na mkazi huhitaji kibali ili aegeshe gari mbele ya nyumba yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo kibali cha 2015 kiliweka kikomo cha matukio makubwa yasiyo ya mpira wa miguu, kama vile matamasha ya muziki: 16 kwa mwaka. Miaka michache baada ya kufunguliwa, klabu iliomba kikomo kiwe 30, na kamati ikakubali. Hapa tena pana hoja pande zote. Kila tamasha huleta wateja kwa wenye migahawa, na kila tamasha ni usiku mmoja zaidi wa kelele kwa mama mwenye mtoto mchanga. Lakini namba 16 ndiyo iliyokuwa mbele ya wakazi walipokuwa wakitoa maoni yao juu ya uwanja.

Ng'ambo ya barabara kuna habari iliyochukua mkondo tofauti. Mtaa wa Love Lane ni nyumba za halmashauri, takriban 300, ambazo kwa mpango mwingine wa Haringey zilikusudiwa kubomolewa ili nafasi ipatikane ya nyumba mpya na ya njia pana inayounganisha kituo cha treni na uwanja. Tangu 2018 Meya wa London amekuwa na kanuni kwamba mradi mkubwa wa kubomoa nyumba za namna hiyo haupati fedha za jiji mpaka wakazi wenyewe wapige kura. Kabla ya kura, halmashauri ililazimika kuwaandikia wakazi kijitabu cha ahadi: nani atapata nyumba mpya, kwa pango gani, atahama mara ngapi, na nyumba ngapi zitabaki za halmashauri. Idadi iliyoahidiwa ilikuwa 500 kwa pango la halmashauri. Kura ilipigwa 2021, na zaidi ya nusu ya waliopiga walikubali.

Si kwamba manung'uniko yalikwisha. Wafanyabiashara wa maeneo ya karibu hawakuwa na kura, na klabu yenyewe ilikwenda mahakamani kuupinga mpango huo na ikashindwa. Lakini linganisha mambo mawili yaliyotokea katika kata moja. Upande mmoja wa barabara ahadi ziliwekwa kati ya halmashauri na mwendelezaji, na hao wawili wakaweza kuzibadilisha. Upande wa pili ahadi ziliandikwa kwa jina la wakazi na wakazipigia kura, na anayetaka kuzibadilisha anajua kwamba kuna kaya mia kadhaa zenye nakala kabatini.

Sasa turudi nyumbani. Sheria zetu si za Uingereza na hatuna mkataba unaofanana hasa na ule wa kifungu cha 106. Hata hivyo ngazi za uamuzi zinafanana kuliko mtu anavyodhani.

Jambo la kwanza la kuuliza ni aina ya ardhi. Kama eneo linalotakiwa ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inataka pendekezo la kuihamisha lipelekwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa eneo lisilofikia hekta 250, na hakuna uwanja wa mpira unaofikia ukubwa huo, mkutano mkuu ndio wenye kauli ya kukubali au kukataa. Mkutano mkuu ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Halmashauri ya kijiji peke yake haitoshi. Mara nyingi tumekuta muhtasari uliosainiwa na wajumbe wachache, na mwananchi anakuja kulalamika baada ya mwaka mzima. Kwa hiyo, tangazo la mkutano likibandikwa na ajenda ikiwa ardhi, acheni shughuli siku hiyo.

Katika miji midogo na maeneo yaliyotangazwa kuwa ya mipango miji, inayotumika ni Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007. Kiwanja kilichotengwa kwa michezo au eneo la wazi hakiwezi kugeuzwa kuwa maduka bila mabadiliko ya matumizi kufuata utaratibu, na kusudio la mabadiliko hayo hutangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Maombi hujadiliwa na kamati ya halmashauri inayohusika na mipango, ambayo katika wilaya ni Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira, kisha taarifa hufika Baraza la Madiwani. Mradi mkubwa hupaswa pia kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na katika tathmini hiyo wakazi lazima washirikishwe. Mtaalamu anayepita nyumba kwa nyumba na dodoso huonekana kama mpita njia. Mwambieni habari za mfereji unaofurika masika, za njia ya watoto kwenda shule, za kelele. Anayoyaandika ndiyo yanayozaa masharti ya cheti cha mazingira, na masharti hayo ndiyo kitu chetu kinachokaribia zaidi ule mkataba wa Haringey.

Kuhusu fidia, tunaomba usomaji wa makini. Kanuni za 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi zinataja thamani ya ardhi na maendelezo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, gharama za usafiri, posho ya makazi inayohesabiwa kwa pango la miezi 36, na hasara ya faida kwa mwenye biashara, nayo kwa miezi 36. Fidia isipolipwa kwa wakati hudaiwa pamoja na riba. Ugumu uko katika hilo la faida. Kanuni zinataja hesabu zilizokaguliwa, panapolazimu. Mwenye kampuni anazo. Mama lishe wa kando ya uwanja, fundi cherehani aliyepanga fremu, kijana mwenye kibanda cha chipsi, hawana. Mthamini akiwafikia na wasiwe na karatasi yoyote, atawaandikia kidogo au hataandika kitu, na kwa hakika hatakuwa amevunja sheria. Karakana ile ya Tottenham iliweza kusimama mbele ya Waziri kwa sababu ilikuwa na hati za mali na vitabu vya hesabu. Leseni ya biashara, risiti, daftari la mauzo ya kila siku lenye tarehe na mkataba wa pango ulioandikwa vitunzwe tangu sasa, hata pale ambapo hakuna mradi wowote unaosemwa.

Mwisho ni suala la ahadi zenyewe. Mwekezaji anapofika katika mkutano wa hadhara na kusema kwamba vijana wa kata watapewa kazi, kwamba uwanja wa mazoezi utabaki wazi kwa shule, kwamba kisima kitachimbwa, maneno hayo yana thamani moja tu: yameingia katika muhtasari au hayakuingia. Muombeni mtendaji ayaandike kama yalivyosemwa, na muombeni diwani wenu aulize kamatini kama yamo katika masharti ya kibali. Yakiwa katika muhtasari peke yake ni kumbukumbu. Yakiwa katika masharti ya kibali, halmashauri inaweza kuyasimamia. Na kibali kikishatolewa, ulizeni kila robo mwaka kama kuna maombi ya kurekebisha masharti yake. Mikutano ya Baraza la Madiwani hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuketi na kusikiliza. Tarehe hubandikwa katika mbao za matangazo za kata. Viti vya wananchi katika ukumbi wetu huwa vitupu mara nyingi.

Anayetaka kuona ramani ya mipango ya eneo lake, au kujua kama kiwanja fulani kimetengwa kwa matumizi gani, aanze kwa mtendaji wa kata, ambaye atamwelekeza kwa afisa mipango miji. Afike akijua namba ya kitalu, au walau jina la barabara na jirani wanaopakana naye.